Mfupa wa Zamu

Fahali wa Byarugaba alimbana Mbonimpa kwenye nguzo ya josho asubuhi ya Jumatatu, masika yalipokuwa ndiyo kwanza yameanza, na mguu wa kulia wa Mbonimpa ukavunjika chini ya goti. Kila aliyekuwepo alisikia. Fahali akatumbukia joshoni, akaogelea, akatokea upande wa pili akijikung'uta, na ng'ombe waliokuwa nyuma yake wakaendelea kuingia mmoja mmoja, maana dawa ilikuwa imeshachanganywa na haingeweza kusubiri. Mbonimpa alivutwa kando, akalazwa majanini. Alikaa pale mpaka ndama wa mwisho alipooga.

Byarugaba alifika jua likiwa limeshapanda. Alimtazama, akasema pole sana. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya taratibu, na pole yake ilitoka moyoni kabisa. Haikutoka na kitu kingine. Pikapu yake ilikuwa imepeleka maziwa Kimuli na ikirudi ilikuwa na safari ya saruji.

Miaka hiyo, Bugomora, mgonjwa alipelekwa hospitali kwa engozi, machela ya kusuka ambayo wanaume wa kitongoji waliibeba mabegani kwa kupokezana, milima na mabonde. Engozi ilikuwa na chama, na chama kilikuwa na masharti yake: anayebebwa ni yule anayebeba wenzake, na anayebeba ni mwenye shamba lake. Mbonimpa alikuwa ameishi Bugomora tangu ujana, tangu alipovuka mto na mama yake kutoka Burundi, lakini shamba alilolima lilikuwa la Byarugaba, na nyumba aliyolala ilikuwa ya Byarugaba vilevile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema ni siku ya ngapi jembe linamfanya mtu mwenyeji. Basi Mbonimpa alirudishwa nyumbani juu ya baiskeli ya Kamugisha, mnyapara wa shamba, mguu ukining'inia, naye akiuma kola ya shati lake mwenyewe.

Akaitwa Adelgunda, muunga mifupa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye vidole vyembamba na hasira za karibu. Aliupapasa mguu, akavifinya vidole, akamwambia Mbonimpa avichezeshe.

"Ngozi haijapasuka," alisema. "Vidole vina joto, na ukifinywa unasikia. Huu ni wangu."

Aliunyoosha, na hapo Mbonimpa alimtaja kila mtakatifu aliyemjua. Akauwekea vipande vya mianzi, akaviringisha majani makavu ya mgomba, akafunga kamba, lakini si ya kubana.

"Sikilizeni," akamwambia Vestina, mke wa Mbonimpa. "Mfupa unajiunga wenyewe. Mimi nauonyesha njia tu. Dawa yake ni kutulia. Mahindi yaliyopandwa juzi yakifikia ya kuchoma, ndipo atakanyaga. Na vidole vikipoa, au vikageuka rangi, au visisikie mkivifinya, legezeni kamba hapohapo. Visiporudi, msiniite mimi. Wala mkinusa harufu, wala mkiona mfupa umetoka nje ya ngozi. Hapo ni hospitali, hata kwa kumburuta."

Vestina akasema wamesikia. Walikuwa wamesikia kweli. Tabu haikuwa masikio.

Tabu ilikuwa majembe. Sharti la kukaa kwenye ardhi ya Byarugaba lilikuwa kwamba kila alfajiri isipokuwa Jumapili nyumba itoe majembe mawili kwenye mibuni yake au migomba yake, na mchana walime kijisehemu chao cha maharage. Nyumba isiyotoa majembe mawili ilipisha nyingine. Nyuma ya kanisa, kwenye kibanda cha kuwekea mbao, palikuwa na mtu anayeitwa Harerimana na mkewe na watoto, na wote walikuwa na afya njema. Walikuwa wakisubiri bila ubaya wowote. Jumapili walimsalimia Mbonimpa vizuri tu.

Kesho yake Kamugisha alikuja, akaona Vestina amesimama peke yake mlangoni na jembe lake.

"La pili?"

"Si unajua, Kamugisha? Si ulimleta wewe mwenyewe?"

"Najua," alisema Kamugisha. "Mzee amesema leo nisamehe. Kesho nisisamehe."

Usiku ule hakuna aliyekula. Alfajiri, kabla ya Kamugisha kupiga hodi, Kantengwa, mama yake Mbonimpa, alitoka kwenye kona yake, akaketi mkekani karibu na mwanawe na kunyoosha mguu wake mkavu kando ya ule uliofungwa.

"Lete," alisema.

Mbonimpa alikataa. Alisema mama, utaniua kwa aibu. Kantengwa akamwambia aibu haipangishi nyumba, na akarudia: lete. Basi mvunjiko ukahama. Ulihama kwa mlio mdogo, kama wa ganda la maharage makavu linapofunguka, na Kantengwa akashusha pumzi na kufumba macho. Mbonimpa akainuka, akajinyoosha, akatafuta jembe lake. Vestina aliuliza jambo moja tu, kama mianzi nayo ihamishwe. Kantengwa akasema ndiyo, na upesi. Kwao walikuwa wakibebeana hivyo zamani, hasa wakati wa kulima mtama. Kinachotakiwa ni mpokeaji aseme lete, na aseme kwa hiari.

Kamugisha alipofika akakuta majembe mawili. Aliwatazama wote wawili, akamtazama na mama aliyelala mkekani, akasema haya, twendeni.

Ingekuwa imeishia hapo, pengine mambo yangekwenda. Lakini Adelgunda alipokuja kukagua na kumkuta bibi kizee ndani ya mianzi yake, alishika kiuno. Alisema mfupa wa mzee ni mkavu, unajiunga kwa kusuasua, na mzee akilazwa muda mrefu kifua humjaa. Bibi huyu atakufa nao. Na nani atateka maji? Maana mteka maji na mpishi wa nyumba ile alikuwa Kantengwa.

Ndipo wakaanza zamu. Jumapili Mbonimpa aliuchukua mwenyewe ili mama aende misa. Usiku aliuchukua Vestina, kwa sababu alisema usiku yeye halali hata hivyo. Jumamosi, siku isiyo ya shule, aliuchukua Therese, binti yao aliyekuwa darasa la saba, akalala chali akijisomea jiografia, daftari amelishikilia juu ya uso. Siku za kati ulikuwa wa Kantengwa. Majirani wakipita hawakuuliza tena mgonjwa anaendeleaje. Waliuliza, "Nani anao leo?"

Masika yakanyesha, maharage yakachanua, mfupa haukuunga. Jumamosi moja Therese alijifunga kamba mwenyewe, akakaza sana kwa woga wa kuuharibu, na jioni mguu ulipohamia kwa Vestina na mianzi yake, vidole vilikuwa baridi na vimeiva rangi ya zambarau. Mbonimpa alikimbia kumwita Adelgunda. Huyo alizikata kamba kwa kisu cha kumenyea ndizi, akavisugua vidole mpaka joto likarudi, kisha akakaa chini sakafuni na kutukana kwa Kinyambo kwa muda mrefu.

"Niliwaambia mlegeze, ninyi mnakimbilia kuniita! Hata kidogo mngechelewa, mguu ungeoza," alisema alipomaliza. "Na huu mchezo wenu nao. Mfupa ukivunjika, damu huganda pale penye ufa. Kisha panaota kitu laini, kama kiini cha mgomba, na kitu hicho ndicho kinachogeuka mfupa. Ninyi kila siku mnakiamsha na kukihamisha. Unaanza upya, unaanza upya! Hata mche wa mgomba ukiung'oa kila jioni kutazama mizizi, hauwezi kushika. Mpeni mtu mmoja."

"Nani?" aliuliza Vestina.

Adelgunda aliwatazama mmoja mmoja. Akajifunga kanga yake, akaenda zake.

Basi Mbonimpa akaenda kwa Byarugaba. Alimkuta uani akinywa maziwa, akapiga magoti, akasema shikamoo waitu, shikamoo bwana wetu.

"Marahaba, Mbonimpa. Naona unatembea."

"Natembea, waitu. Mguu anao mama leo. Nimekuja kuomba jembe moja lipumzike. Mpaka mahindi yawe ya kuchoma tu. Nilale nao mwenyewe, uungane, niirudie kazi."

Byarugaba alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Kila asubuhi Kamugisha ananiambia majembe ya kwako ni mawili," alisema. "Hajawahi kuniambia ni moja, ila ile siku niliyosamehe. Sasa niambie, mgonjwa ni nani?"

"Ni mguu, waitu."

"Mguu wa nani?"

Mbonimpa alijiona mjinga. Alikuwa na uchungu pia. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ulivunjwa na fahali wa mzee. Pengine mzee mwenyewe, Jumapili baada ya misa, anapokuwa amekaa tu, angeweza kuusemea lete. Saa chache.

Byarugaba hakukasirika. Alitabasamu kwa huruma, akasema mambo hayo yanatakiwa kusemwa kwa hiari, na yeye hiari hana. Akaagiza Mbonimpa apewe maziwa ya kumpelekea mama. Maziwa yalikuwa mazuri, na Kantengwa aliyanywa yote.

Zamu ikaendelea. Walichoka uchovu wa ajabu, kila mtu akiwa na robo ya mvunjiko mwilini hata siku isiyo yake. Vestina alianza kuchechemea shambani akiwa na miguu mizima. Walikuwa wakijibizana kwa hasira juu ya chumvi. Therese alisinzia darasani. Mbonimpa alijua kwamba mfupa ule usipotulia utajiunga vibaya au hautajiunga kabisa, na siku hiyo majembe yatakuwa pungufu daima, na Harerimana atahamia na watoto wake wenye afya. Alikuwa akiyajua haya akiwa ameinama kwenye mibuni, na kulima kwake hakukupungua.

Wiki ya harusi ya Yustasi, mtoto wa Byarugaba, mambo yakageuka. Yustasi alikuwa anaoa Kimuli. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika kwa wakwe, rubisi ya ndizi ilikuwa imeshakamuliwa na kufunikwa ichachuke, na pikapu ilikuwa imeoshwa. Alhamisi alasiri Yustasi alikuwa anashuka mteremko wa Bugomora kwa Honda yake, matope yakamvuta, na pikipiki ikamwangukia pajani. Mfupa wa paja ukakatika, ncha yake ikatoboa ngozi na suruali, ikatoka nje, nyeupe.

Hawakumpeleka hospitali. Walimpandisha kwenye pikapu juu ya godoro, wakamleta moja kwa moja nyumbani kwa Mbonimpa.

Byarugaba alishuka, akabisha hodi kama mtu yeyote. Akapewa kigoda. Yustasi aliachwa mlangoni juu ya godoro lake, uso kama majivu, akitetemeka.

"Ninyi mna uzoefu," alisema Byarugaba. "Harusi ni Jumamosi. Wenzetu wa Kimuli wameshakula ng'ombe wawili. Nikiwaambia waahirishe, watasema nimewadharau. Mmoja wenu auchukue huu, na mimi nawaachia jembe moja mpaka mahindi ya kuchoma. Ndivyo mlivyoomba."

Therese alikuwa amekaa nao siku ile, mguu wa baba yake; shule ilikuwa imefungwa. Kantengwa alifungua mdomo, na Vestina akamwahi.

"Jembe moja tu?" aliuliza. "Mguu huu ni wa nyumba nzima, na huo ni wa mtoto wako. Waliolala watakuwa wawili. Achia yote mawili."

"Mama Therese," alisema Byarugaba kwa upole, "jembe moja ni lako. La pili ni la nyumba. Na ndani humu naona binti mkubwa."

Vestina alimtazama mumewe. Mbonimpa alikuwa akiitazama sakafu. Alikuwa anamchukia Byarugaba, na alikuwa anamchukia Yustasi, na wakati uleule moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha, maana angeweza kulala na mguu wake. Furaha ile ilimtia haya kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

"Lete," alisema Vestina. Aliliona jibu lake jinsi lilivyotoka, la hiari. Hakukuwa na aliyemshika.

Mlio wa safari hii ulikuwa mkubwa zaidi. Yustasi akakaa, akajipapasa paja, akasema asante sana mama, Mungu akubariki. Kisha akaomba suruali ya kuazima, maana yake ilikuwa imechanika. Alipewa ya Mbonimpa. Hakuirudisha, lakini hilo lilikuwa la kusahau tu. Alikuwa na mengi wiki ile.

Adelgunda alikuja, hakuinama hata kugusa. Alifunika kidonda kwa kitambaa kilichochemshwa, akalaza ubao kando ya paja na kulifunga lisicheze, akasimama.

"Mfupa uliokwisha kuona jua si wangu. Uchafu umeshaingia. Hospitali, leo hii, kabla haujaanza kunuka."

Pikapu ilikuwa imeondoka. Ilitakiwa kwenda kuchukua viti. Lakini kabla ya giza kuingia walifika wanaume wa engozi, wengi kuliko kawaida, na mwenyekiti wao mbele. Mbonimpa, aliyekuwa ameshaupokea mguu wake kutoka kwa Therese na kulala kwenye mianzi, alishtuka akauliza kama masharti yamebadilika.

"Hayajabadilika," alisema mwenyekiti. "Byarugaba ni mwanachama, na mwanawe yumo. Tunaubeba mfupa wa Yustasi."

Walimweka Vestina kwenye engozi kwa uangalifu mkubwa. Walipokezana mabega vilimani bila kumtikisa, wakaimba zile nyimbo za kubebea wagonjwa, na kwenye vijito walimnyanyua juu asilowe. Hakuwahi kutendewa vizuri hivyo tangu azaliwe. Alilia njia nzima, na wabebaji wakadhani ni maumivu.

Daktari wa hospitali alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alilisafisha paja, akaondoa vipande, akachoma sindano.

"Ni wa kwako?" aliuliza.

"Ni wa mtoto wa mwenye shamba."

"Atakuja kuuchukua?"

"Hapana."

Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha tena. Alimwelekeza nesi amfunge kamba mguuni, na kwenye kamba waning'inize mfuko wa mchanga nje ya kitanda, uuvute mfupa unyooke. Akamwonya asijaribu kumpa mtu yeyote, hata kwa usiku mmoja.

"Hakuna wa kumpa," alisema Vestina.

Kitanda cha pili alilala Nyiransabimana, mwanamke wa Rugu, akiwa na mfupa wa mtulinga wa tajiri wake aliyeanguka kutoka kwenye lori la kahawa. Mbele yake palikuwa na mama mwenye kiwiko cha mwalimu mkuu. Wanawake wa wodi ile walizungumza sana juu ya maharage na watoto waliowaacha nyumbani, na kidogo sana juu ya mifupa. Mmoja tu, wa dirishani, alikuwa amevunja wa kwake mwenyewe, na wengine walimwonea wivu kidogo.

Harusi ilifana. Yustasi alicheza mpaka alfajiri. Asubuhi ya Jumatatu Kamugisha alipiga hodi kwa Mbonimpa akataka jembe moja, na Therese akatoka nalo. Shule ilipofunguliwa aliendelea kutoka nalo. Mwalimu wake alikuja mara moja kuuliza, akamkuta Mbonimpa amelala, mguu juu ya mto wa majani, hawezi hata kumpisha kiti. Wakazungumza juu ya mvua.

Mfupa ulipoachiwa mahali pamoja ulifanya kazi yake. Mahindi yalipofikia ya kuchoma, Adelgunda alifungua mianzi, akapapasa, akapata fundo gumu pale penye ufa. Alisema fundo ni kawaida, mfupa hujijaza kupita kiasi na baadaye hujichonga wenyewe. Alimwambia akanyage. Mbonimpa akakanyaga. Therese alikuwa shambani, hakuona.

Vestina alirudi mahindi yakiwa yameshavunwa. Baada ya mfuko wa mchanga walikuwa wamemfunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kutoka kiunoni hadi kifundoni, na lilipokatwa mguu ulitoka mwembamba na mfupi kidogo kuliko mwenzake, lakini umeunga. Mbonimpa alikwenda kwa mwenyekiti wa engozi kuomba wakamchukue. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, alituma mtu amuulize Byarugaba. Jibu lilikuja jioni ileile: mfupa ukishapona ni wa mwenye mguu. Basi Vestina alikuja nyumbani kwa magongo, akipumzika kila kilima, mumewe kando yake amebeba sufuria na blanketi.

Kesho yake Kamugisha alifika alfajiri. Mbonimpa alitoka na jembe. Vestina alitoka na lake, akiegemea gongo. Kamugisha hakuondoka.

"La tatu?" alisema.

"La tatu la nini?" Vestina alisema. "Sisi ni majembe mawili."

"Mlikuwa mawili. Mzee amesema msimu wote binti amelima vizuri. Nyumba yenye watu wazima watatu ni majembe matatu." Alikohoa, akatazama pembeni. "Harerimana yeye ana matano."

"Na mtihani wake wa darasa la saba?"

Kamugisha alisema hilo hakutumwa.

Ndani, Therese alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Alikuwa amesikia yote. Alimgeukia Kantengwa, aliyekuwa anapuliza moto.

"Bibi, jembe nalo linaweza kuhama?"

Kantengwa alipuliza mpaka moto ukashika.

"Linaweza, mjukuu wangu," alisema. "Tulijaribu, kule kwetu na hapa pia. Hakuna aliyesema lete."

Therese akalichukua jembe lililokuwa nyuma ya mlango, akatoka, na wote wanne wakashuka kuelekea kwenye mibuni, Kamugisha akitangulia polepole kwa ajili ya Vestina.